Baiskeli ya Mwambao wa Rumonge: Historia ya Fremu, Gurudumu na Uma

Historia tunayowafundisha watoto wetu ni ya wafalme, vita na mikataba. Hatuna ugomvi nayo. Lakini mtu akisimama alfajiri kando ya barabara itokayo Rumonge kwenda Bujumbura, huiona historia nyingine ikipita mbele yake juu ya magurudumu mawili: madumu ya mawese, magunia ya ndagala waliokaushwa, mikungu ya ndizi, mama aliyepakiwa nyuma na mtoto mgongoni. Historia hiyo haina sura yake katika vitabu vyetu, na wala haina somo.

Swali lililotusukuma kuandika makala haya liliulizwa darasani. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kwa nini baba yake anang'ang'ania baiskeli nyeusi, nzito, ya mtindo wa zamani, ilhali madukani kuna baiskeli nyepesi za rangi, zenye springi katika uma wa mbele. Je, huo si ushamba? Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumeuliza, tumesoma, na tumekaa chini ya miti ambako mafundi hufanyia kazi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yatupasa kukumbuka mwambao huu ulivyokuwa kabla ya gurudumu. Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake, na katika karne ya kumi na tisa msemo huo haukuwa fumbo. Bidhaa zilizofika Ujiji kutoka Bagamoyo zilifika juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, kila mmoja akibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Kutoka Ujiji, mitumbwi na majahazi ndiyo yaliyoendelea na safari kuelekea kaskazini. Livingstone na Stanley nao walipita njia hiyo ya maji mwezi wa Novemba 1871, wakithibitisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki humo. Jiwe la Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, lingali likiwakumbuka.

Si kwamba hapakuwa na mtu aliyefikiri juu ya gurudumu. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kuingia bara kwa magari ya ng'ombe kutoka Saadani. Mbung'o waliwaua ng'ombe, na mzigo ukarudi kichwani mwa mpagazi. Tukitafakari vizuri twaona kwamba tatizo halikuwa gurudumu lenyewe. Tatizo lilikuwa mnyama wa kulivuta. Nchi hii ilihitaji gurudumu lisilohitaji ng'ombe wala punda, linaloweza kupita katika njia ya mguu yenye upana wa unyayo. Chombo cha namna hiyo kilikuwa kikitengenezwa Ulaya wakati ule ule, ingawa watengenezaji wake hawakuwa na habari zetu.

Chombo hicho hakikuzaliwa kwa siku moja. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza gari la mbao lenye magurudumu mawili, ambalo mpandaji alilisukuma kwa kupiga miguu chini. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali kwenye gurudumu la mbele. Kwa kuwa pedali ilishikamana na gurudumu moja kwa moja, mwendo ulitegemea ukubwa wa gurudumu. Basi likakuzwa na kukuzwa, hata katika miaka ya 1870 mpandaji akawa ameketi juu kama mtu aliyepanda mnazi, na akianguka huanguka kwa kichwa. Mnyororo ndio uliomshusha. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, yaani 1888, John Boyd Dunlop alipata hataza ya mpira wenye upepo huko Belfast. Kabla karne haijaisha, umbo la baiskeli lilikuwa limekamilika, na umbo hilo ndilo lile lile linalopita Rumonge leo.

Mwambao wetu ulikuwa tayari katika mikono ya Wajerumani. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, na kwa miaka mingi shehena kubwa za Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, zilipita Dar es Salaam, zikapanda gari moshi hadi Kigoma, kisha zikapakiwa melini. Ziwa na reli vilikuwa mlango wa bidhaa za viwandani, na ni kwa mlango huo huo lugha ya Kiswahili ilizidi kukita mizizi katika miji ya pwani ya ziwa. Kwa hiyo baiskeli na Kiswahili ni wasafiri wa njia moja.

Aina iliyoenea Afrika Mashariki yote ilikuwa ile ya Kiingereza ya barabarani, mfano wa Raleigh ya Nottingham: nyeusi, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya waya. Baada ya uhuru wa nchi zetu, Waingereza waliwaachia nafasi Wahindi na Wachina. Kampuni ya Hero ilianzishwa mwaka 1956 huko Ludhiana, India. Phoenix ilitoka Shanghai. Tanzania nayo, katika siku za viwanda vya umma, ilikuwa na baiskeli yake iliyoitwa Swala. Majina yalibadilika, lakini umbo halikubadilika. Hapa ndipo swali la mwanafunzi wetu linapoanza kuuma. Kwa nini wanunuzi wa nchi nyingi, wasiojuana, walishikilia umbo moja kwa muda mrefu hivyo?

Jibu la kwanza liko katika fremu. Ukiitazama kwa ubavu utaona pembetatu mbili zilizopeana mgongo: moja kubwa kati ya usukani, kiti na pedali, nyingine nyembamba ikilishika gurudumu la nyuma. Seremala yeyote ajua kwamba mraba wa mbao hupinda ukisukumwa pembeni, lakini pembetatu haipindi mpaka ubao uvunjike. Paa la nyumba husimama kwa siri hiyo, na fremu ya baiskeli vivyo hivyo. Bomba la juu, ambalo wanaotazama mitindo huliona kuwa kizuizi cha kupandia, ndilo linaloifunga ile pembetatu kubwa. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake wenye kuvaa nguo ndefu haina bomba hilo la juu, na ndiyo sababu hulegea mapema ikitwishwa mzigo mzito. Zaidi ya hayo, chuma huungika. Fremu ikipasuka, mchomeleaji yeyote wa kando ya barabara huiunga. Fremu ya alumini inataka mashine na ujuzi ambao haupatikani kila mji, na ile ya nyuzi za kaboni, ikivunjika huku kwetu, imevunjika.

Jibu la pili ni gurudumu. Gurudumu kubwa huzama kidogo katika shimo ambalo gurudumu dogo lingezama zaidi, kama vile hatua ndefu inavyovuka mfereji ambao hatua fupi huangukia ndani. Rimu ya baiskeli hizi ina kipenyo cha milimita 635 mahali mpira unapokaa. Zile za milimani zilizozoeleka kuitwa za inchi 26 zina milimita 559. Kisha kuna njiti zake, ambazo mafundi huziita spoku. Wengi hudhani kwamba spoku ni nguzo zinazoubeba mzigo kwa kuusimamia. Sivyo. Waya mwembamba hauwezi kusimama kama nguzo, hupinda. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Fundi huzikaza zote zivutane, na mzigo unapokuja, zile za chini hupungukiwa na mvuto wakati nyingine zikiendelea kuishikilia rimu isipoteze umbo. Waingereza, kwa desturi, walitia spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye uzito. Desturi hiyo waliiweka kwa ajili ya mtu mmoja na kikapu chake, nasi tukaipa kazi ambayo haikuwahi kuota.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Dumu la lita ishirini la mawese lina uzito wa kilo kumi na nane hivi. Madumu manne ni kilo sabini na mbili, mbali na uzito wa vyombo vyenyewe. Huo ni mzigo wa wapagazi wawili na zaidi wa zama za misafara. Na kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kiasi cha kilomita sabini na tano.

Jibu la tatu ni uma, yaani ile panda ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, na hapa ndipo penye springi zilizomvutia mwanafunzi wetu. Historia ya springi hizo inastahili kusimuliwa, kwa kuwa ina funzo. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, California, walikuwa wakishindana kuteremka mlima Tamalpais. Hawakutumia baiskeli mpya. Walitafuta baiskeli kuukuu, nzito, zenye mipira minene, ambazo Wamarekani wenzao walikwisha kuzitupa, kwa sababu zile nyepesi zilivunjika milimani. Kutokana na michezo yao ikazaliwa baiskeli ya milimani, ambayo viwanda vilianza kuiuza kwa wingi katika miaka ya 1980. Mwaka 1989 ukatoka uma wa springi wa RockShox, na baada yake mashindano ya milimani hayakuwa yale yale. Kwa hiyo hata kile tunachokiita cha kisasa kilianzia kwa watu waliotambua thamani ya chuma cha zamani.

Uma huo hufanya kazi gani? Una mabomba mawili yanayoteleza ndani ya mengine mawili. Ndani mna springi ya chuma au upepo ulioshindiliwa wa kupokea kishindo, na mafuta yanayopita katika matundu madogo ili springi isirudi kwa kuruka. Ukiwa mzuri na kutunzwa, ni neema kwa mikono ya mpandaji. Lakini ule wa bei nafuu mara nyingi hauna mafuta. Una springi tupu, inayorukaruka kama chura. Vumbi na maji vikipita kwenye mpira wa kuzibia, mabomba hushika kutu na kukwama, na hapo mwenye baiskeli hubaki na uzito wa springi bila faida yake. Tena mpandaji anaposimama juu ya pedali kupanda kilima, sehemu ya nguvu zake huishia katika kuibonyeza springi. Na kwa baiskeli ya mizigo liko jambo kubwa kuliko hayo: mzigo wetu uko nyuma, ilhali springi ziko mbele. Ni sawa na kuweka mto chini ya kichwa cha mtu anayeumwa mgongo.

Je, baiskeli nyeusi haina cha kupunguza kishindo? Inacho, ila hakijionyeshi. Kiti chake cha ngozi kimekalia springi. Mipira yake mikubwa ina upepo. Uma wake umelazwa na kupindwa mbele kwa kiasi kikubwa, hivyo chuma chenyewe hunesa. Na umbali kati ya ekseli mbili ni mrefu kuliko ule wa baiskeli ya mashindano, kwa hiyo mwendo wake hautikisiki ovyo. Ndugu zetu wa Kigali walipopokea mashindano ya dunia mwezi wa Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, tuliona aina nyingine kabisa: fremu za kaboni, mipira myembamba, uma usio na springi hata kidogo. Sheria ya mashindano hayo hukataza baiskeli iwe chini ya kilo 6.8. Ya mwambao wetu hufikia kilo ishirini kabla haijabeba kitu. Kila moja ina kazi yake. Mwenye kuiweka ya mashindano chini ya madumu manne, na mwenye kuipeleka ya madumu kwenye mashindano, wote wawili watarudi kwa miguu.

Hata hivyo tusiisifu baiskeli nyeusi hata tukawadanganya watoto. Breki zake za vyuma hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa, breki hukataa kushika. Jambo hili si dogo katika nchi ambayo milima yake huanzia karibu na ziwa. Wanaojua barabara ya Bugarama, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, wamewaona vijana wanaoteremka kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha, kisha wakirudi juu kwa kushika nyuma ya malori. Wako waliokufa katika kazi hiyo. Chombo ambacho kiliumbwa kwa barabara za tambarare za Uingereza hulipwa hapa kwa damu, na anayesema kwamba hakihitaji kurekebishwa hajawahi kukiteremsha.

Mafundi wetu hawakungoja kuambiwa. Wameongeza vyuma katika uma wa mbele, wamechomelea keria pana, wamefunga mbao na mipira ya magari iliyokatwa vipande. Goma, kaskazini mwa Kivu, watu walikwenda mbali zaidi: walitengeneza chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedali wala mnyororo, kinachosukumwa kwa mguu na kuteremka kwa uzito wake, na mji ukakijengea sanamu. Ajabu ni kwamba chukudu kimerudi karibu kabisa na wazo la Drais la mwaka 1817. Haja ya mtu huamua umbo la chombo chake, popote alipo.

Historia ya baiskeli hapa haiwezi kutengwa na ile nzito ya nchi. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianza katika mwambao huu wa kusini, Rumonge ikiwemo, na mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwafukuza wengi hadi Tanzania. Mashamba ya michikichi waliyoyaacha yalishikwa na wengine. Waliorejea baada ya miaka mingi walikuta kesi za ardhi zikiwangoja. Lakini walirudi pia na Kiswahili cha Katumba, Mishamo na Ulyankulu, lugha waliyokulia ugenini. Kwa asiye na shamba, baiskeli ni njia ya kuanza maisha ambayo haimwombi mtu hati.

Kwa sababu hiyo habari ya mwezi wa Machi 2022 ilitugusa hata sisi tulio mbali na mji mkuu wa biashara. Baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, hoja ikiwa ni ajali na msongamano. Ajali ni za kweli, nasi tumekwisha kuzitaja. Lakini abanyonzi, yaani vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli, walikosa riziki siku hiyo hiyo. Kisha petroli ikazidi kuadimika, magari yakalala foleni siku nyingi, na watu wakakumbuka tena chombo kisichokunywa kitu. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda likafunika nyumba za ufukweni, mwenye baiskeli aliweza kuinyanyua begani na kuvuka maji, akaendelea na safari. Mwenye gari alirudi nyumbani.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi walimu wa lugha. Neno baiskeli latokana na Kiingereza. Kirundi husema ikinga, na Kiswahili cha Katanga nacho husema kinga au nkinga. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kubeba watu kwa baiskeli kulizaa neno boda boda, ambalo leo pikipiki imelirithi hata wengi wamesahau lilikotoka. Fremu, rimu, spoku, keria na breki yamekwisha kuwa maneno yetu, kwa kuwa mafundi waliyavalisha sarufi ya Kiswahili bila kuitisha mkutano. Lakini tulipotaka kumweleza mwanafunzi wetu habari ya uma wa springi, ilitubidi tuzunguke maneno kumi. Tungemwuliza fundi, pengine angetupa moja.

Tumemjibu mwanafunzi yule. Tumemwambia kwamba baba yake si mshamba. Baba yake ameichagua fremu inayoungika, gurudumu linalovuka shimo, na uma usio na kitu cha kukwama, kwa sababu anaujua mzigo wake na barabara yake. Tumemwambia vilevile kwamba breki za baba yake hazifai mvua, na kwamba yeye, akijifunza hesabu na ufundi, huenda akatengeneza zinazofaa. Kijana hakucheka. Aliuliza kama angeweza kuileta baiskeli hiyo darasani.

Iliwekwa mbele ya ubao, na tukapita sehemu moja moja, kila mtoto akitaja jina alilolisikia nyumbani kwao. Sehemu nyingine zilikuwa na majina matatu. Nyingine hazikuwa na hata moja. Tunawaomba walimu wenzetu wa Nyanza-Lac, Kigoma, Uvira na kwingineko wafanye vivyo hivyo katika madarasa yao, wayaandike majina hayo pamoja na mahali yalikotoka, kabla wazee wanaoyajua hawajaiegesha baiskeli yao ya mwisho.